Milioni 8, kamera moja: mtaani Mwanjelwa na potreti za bibi Tukuyu

Swali limetoka kwa dada mmoja wa Uyole, Mbeya, nalifupisha kidogo: "Shikamoo kaka. Mi ni mwalimu, nimedunduliza miaka mitatu nina milioni 8 za kamera. Mpaka sasa napiga kwa simu tu. Nataka kamera moja ya ukweli ya kutembea nayo kila siku, nipige picha za mtaani Mwanjelwa na Soweto, na nikienda nyumbani Tukuyu nimpige bibi yangu na wazee wengine potreti za kuprinti niweke ukutani. Harusi sifanyi na sina mpango. Wengine wananiambia fulu fremu ndo kamera nichukue Sony A7C II, wengine Fuji X100VI, wengine nivumilie nikusanye mpaka nipate Leica. Nichukue ipi?"

Marahaba mdogo wangu, na hongera, miaka mitatu ya kudunduliza kwa mshahara wa ualimu ni kazi kubwa kwa hiyo sitakujibu kwa mkato. Jina la kamera nitakupa, ila naomba unifuate kwanza kwenye kitu kimoja ambacho wauzaji hawakiulizi kabisa na mi naona jibu lako lote limekaa hapo: we ukimpiga mtu picha unasimama mbali naye kiasi gani? Umbali huo ndo unachagua lenzi, na lenzi ndo inachagua bodi, yaani kamera yenyewe bila lenzi. Wengi tunaanza kinyume, tunaona bodi, tunaipenda, tunainunua, halafu lenzi inakuja yoyote iliyobaki kwenye hela.

Fanya hivi leo jioni. Fungua galari ya simu yako, tafuta picha kama 50 za watu ambazo unazipenda kweli, angalia zipi ulipiga hivohivo na zipi ulibonyeza 2x. Kamera kuu ya simu nyingi inaona upana wa karibu milimita 24 mpaka 26, ukibonyeza 2x unakuwa kwenye kama 50 (namba ndogo inaona pana, namba kubwa inavuta karibu). Kama picha zako nyingi ni za bila kuzumu, una mtu na meza yake ya nyanya na bajaji nyuma yake, we ni mtu wa 28 au 35. Kama karibu zote umezumu ni kwamba macho yako yanatafuta sura, na huyo ni mtu wa 50 kwenda juu. Usijidanganye kwa kile unachotamani kuwa, angalia ulichofanya tayari.

Sasa kwa nini nasisitiza hivi. Ukitaka kichwa na mabega ya bibi yajae kwenye fremu ya kusimama, kwa lenzi ya 35 utamsogelea mpaka kama sentimita 60 hivi, na kwa umbali huo pua inakuwa kubwa, masikio yanakimbilia nyuma, uso unakuwa kama umevutwa kwa mbele. Bibi akiiona hiyo picha atakwambia huyu sio mimi na atakuwa na haki. Kwa lenzi ya 85 unasimama mita moja na nusu, sura inakaa kama tunavyomwona mtu tukiwa tumekaa naye tunaongea. Umbali ndo unaofanya hivo, lenzi inakusaidia tu kujaza fremu ukiwa pale. Na kuna jambo lingine la huko kwetu, mzee ukimsogelea na kidude usoni sentimita 60 anakaza shingo, ukikaa mita moja na nusu anaendelea kuwa yeye.

Haya, twende kwa hizo tatu ulizotaja.

X100VI naipenda, nasema wazi. Ilitoka Februari 2024 kwa karibu dola 1,600, ina sensa (kile kibamba cha ndani kinachopokea mwanga) ya APS-C, saizi ndogo kuliko fulu fremu, ya megapikseli 40, lenzi moja isiyotoka ya 23mm f/2 (namba ya f ikiwa ndogo mwanga unaingia mwingi na nyuma ya mtu inalainika) ambayo kwa upana ni sawa na 35, ina kituliza mtikisiko ndani, ina vyufainda ya kioo unayochungulia unaona mpaka watu waliobaki nje ya fremu wanaokuja kuingia, na shata yake (pazia linalofunguka kupitisha mwanga) iko ndani ya lenzi kwa hiyo haisikiki, mtu aliyekaa meza ya pili hatajua umepiga. Kwa mtaani peke yake ningekwambia chukua, tumalizane. Kwa potreti unaweza kusimama mbali halafu ukakata picha, kamera yenyewe ina kitufe cha kukuletea upana wa 50 na wa 70, ila ukiwa kwenye 70 kwenye zile 40 zinabaki megapikseli 10. Kumi zinatosha kuprinti A4 vizuri kabisa, A4 inahitaji kama 9. Lakini we umesema ukutani, na ukutani watu huwa wanaanza na A4 wakiona bibi kapendeza wanataka kubwa. Halafu kukata hakukupi ule ulaini wa nyuma ya mtu, migomba inabaki imechongoka inagombania macho na sura. Kitu kingine ambacho watu hawasomi, X100VI haijazibwa mbele mpaka uongezee ringi na filta, ukiivalisha hivyo ndo inahimili manyunyu. Kwa mtu wa Tukuyu kwenye mvua zile hilo nalihesabu.

Leica. Sitaki nikuvunje moyo maana jina hilo limetafutwa kwa haki, kamera yao ndogo ya filamu ilianza kuuzwa 1925 na ndo iliyowafanya watu watoke studio watembee mtaani na kamera mfukoni, Henri Cartier-Bresson alipiga nayo maisha yake karibu yote kwa lenzi ya 50. Ila Leica Q3 ya 2023 ilitoka kwa dola 5,995, hiyo ni karibu mara mbili ya hela yako kabla hujagusa usafiri na ushuru, na lenzi yake ni 28 isiyotoka. Megapikseli 60 ndiyo, lakini ukikata kutoka 28 mpaka 75 zinabaki 8 hivi. Kuna ile Q3 43 ya 2024 yenye lenzi ya 43, hiyo kwa mahitaji yako ingekaa vizuri zaidi, na bei yake iko juu zaidi ya Q3 ya kawaida. Ukisubiri hiyo utakusanya miaka mingine mitatu minne, na bibi umri unakwenda. Naomba unisamehe kulisema hivo lakini nina picha za watu wangu ambazo sikuzipiga nikisubiri kamera.

A7C II sasa, ya fulu fremu. Ni kamera nzuri mno, ya 2023, megapikseli 33, bodi ina gramu 514 tu, na fokasi yake ya kushika jicho la mtu ndo bora kuliko zote hapa, mtoto akikimbia inamganda. Sensa ya fulu fremu ina eneo mara mbili na kidogo ya APS-C, kwa hiyo usiku taa zikiwa hafifu unapata faida ya kama stopu moja na kidogo (stopu moja ni mwanga mara mbili), na nyuma ya mtu inalainika zaidi. Hiyo ni kweli, wanaokwambia hawakudanganyi. Tatizo ni hesabu. Bodi ilitoka kwa dola 2,200, lenzi ndogo ya 40mm f/2.5 kama 600, ya 85mm f/1.8 nyingine 600, jumla 3,400 na hujanunua kadi. Kwa hela yako utaishia na bodi na lenzi moja. Ukichukua 40 bibi anakosa, ukichukua 85 Mwanjelwa inakushinda maana kwenye ule msongamano hata pa kurudi nyuma hakuna, ukirudi hatua mbili uko juu ya mafungu ya dagaa ya mtu. Na utajikuta kila mwezi unawaza lenzi nyingine badala ya kupiga picha.

Kwa hiyo mi ningekwambia chukua Fujifilm X-T5 na lenzi mbili, 23mm f/2 na 50mm f/2. Sikia sababu. X-T5 ni ya 2022, ina sensa ileile ya megapikseli 40 iliyoko kwenye X100VI, gramu 557, kituliza mtikisiko kipo, nafasi za kadi ziko mbili ukiweka zote na ukachagua Backup kwenye menyu kila picha inakaa sehemu mbili, kadi moja ikifa bibi hajapotea. Ile 23 ina upana wa 35, gramu 180, hiyo ni ya mtaani na ya kila siku. Ile 50 kwa sensa hii inakuwa kama 75, gramu 200, unasimama mita moja na robo kwa mtu na sura inakaa vizuri. Bodi na lenzi zote mbili zimezibwa zinahimili manyunyu na vumbi. Zilipotoka bodi ilikuwa dola 1,700 na kila lenzi kama 450, jumla 2,600. Huku kwetu ongeza usafiri, ushuru na faida ya muuzaji, kwa hiyo lenzi chukua mpya na bodi tafuta iliyotumika ikiwa safi, zipo kwa sababu watu wanauza kila kamera mpya inapotoka. Kitakachobaki kanunue betri mbili za akiba, kadi nzuri, na nauli ya kwenda Tukuyu mara nyingi.

Utapoteza nini? Usiku utakuwa na chenga kidogo kuliko Sony, na fokasi ya Fuji gizani huwa inatafutatafuta kabla ya kushika. Kituliza mtikisiko nacho kinatuliza mkono wako wewe, hakimtulizi mtu anayetembea, kwa hiyo mtaani usishuke chini ya 1/125 ya sekunde hata kama kamera inajisifu. Hayo ukiyajua unaishi nayo. Wanaosema hiyo sio fulu fremu haitatoa potreti waulize bibi yako kama anajali kilichoko ndani ya bodi. f/2 kwenye hiyo 50 inalainisha migomba vya kutosha na macho yote mawili ya bibi yanabaki yamekaza, kitu ambacho kwa 85 ya f/1.4 watu wanakikosa kila siku, jicho moja kali lingine maji.

Sasa kuna jambo la ngozi, na hapa naomba usome taratibu kwa sababu hapa ndo kamera ya milioni 8 inapiga picha mbaya kuliko simu. Kamera haijui kwamba mbele yake kuna bibi. Inapima mwanga ikidhani kila kitu duniani kwa wastani kina rangi ya kijivu cha kati. Mkalishe bibi mbele ya ukuta wa chokaa au anga la ukungu la Tukuyu, kamera inaona weupe mwingi, inapunguza mwanga, na uso wake unakuwa kivuli chenye meno. Hapo zungusha lile gurudumu la juu upande wa kidole gumba uweke +1, usiogope ukuta kuungua, yaani kuwa mweupe tupu. Kinyume chake, ukimsogelea uso wake mweusi ukajaza fremu, kamera inaona giza inaongeza mwanga, na ngozi inakuwa kijivu kama imepakwa majivu. Hapo shusha, -0.7 hivi. Ngozi yetu uzuri wake uko kwenye ule mng'ao wa shavu na paji, ukiongeza mwanga hovyo unaufuta. Simu inakufanyia haya kimyakimya kwa programu, kamera inakuachia wewe, ndo maana mtu anatoka simu anaingia kamera wiki ya kwanza analia.

Nikupe mfano niliouona kwa macho. Kuna mama mmoja Tukuyu nilimkuta anamenya ndizi, amekaa ndani kidogo ya mlango wa jikoni, hatua moja tu kutoka kizingitini, nje mvua inanyesha. Nje kungempa mwanga wa kutoka juu, macho yangezama kwenye vivuli. Pale ndani mwanga ulikuwa unaingia kwa pembeni kutoka mlangoni peke yake, laini kwa sababu ya mawingu, nyuma yake jiko jeusi kwa moshi. Nilipima kwenye shavu la upande wa mlango nikashusha kidogo. Vidole vimekuwa vyeusi kwa utomvu wa ndizi, kwenye kila jicho kuna kimraba kidogo cheupe ambacho ukikiangalia karibu ni ule mlango wenyewe na mimi kivuli katikati. Hakukuwa na flashi wala taa. Kila nyumba ya kule ina mlango wa hivyo, kwa hiyo studio yako unayo tayari, mweke bibi hatua moja ndani, mgeuze uso nusu kuelekea nje, basi.

Mwanjelwa ni habari nyingine. Pale adui ni turubai. Muuza nguo amekaa chini ya turubai la bluu, jua la saa sita linapita pale juu, na uso wake wote unakuwa wa bluu, kamera inajitahidi kusahihisha inakuta huku bluu huku machungwa ya turubai la jirani, inachanganyikiwa. Usihangaike kwenye menyu, subiri mtu asogee ukingoni mwa turubai anapotoa chenji au anapopokea mzigo, pale anapigwa na mwanga wa kawaida wa angani na nyuma yake pana giza. Piga kwa RAW pia (faili ghafi ambalo kamera haijalipika) sio JPEG peke yake, rangi utairekebisha nyumbani. Na jua likishashuka kuelekea magharibi una muda mfupi sana wa mwanga mzuri, huku kwetu kwenye nyuzi 9 kusini jua linazama upesi halizungukizunguki, kwa hiyo fika mapema.

Salamu kwanza. Unajua mwenyewe, ila watu wakishika kamera wanasahau. Shikamoo, ugonile mwaisa, nunua hata fungu la parachichi, ndo uombe. Ukikataliwa sema ndaga, yaani asante, ondoka. Wanajeshi, polisi, vituo vyao, mpaka wa Tunduma, kamera ikae kwenye begi. Na wanafunzi wako usiwapige ukawaweka mtandaoni bila wazazi kujua, kuna sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi ya 2022 na hata isingekuwepo.

Kutunza. Kamera za huku zinauawa na unyevu kuliko kuanguka. Tukuyu mvua haina likizo ya maana, nyumba inakuwa na unyevu, na lenzi ikikaa kwenye begi la kitambaa kabatini miezi miwili inaota fangasi ndani ya vioo. Nunua boksi la plastiki lenye mfuniko wa mpira, weka pakiti za silika geli, zikishajaa maji zikaushe urudishe. Watu wanaweka mchele, usiweke, una vumbi lake. Ukienda Kitulo alfajiri kwenye baridi ile, betri ya akiba iweke mfuko wa ndani ikae na joto la mwili, na ukirudi kwenye nyumba yenye moto usitoe kamera kwenye begi mara moja, iache kama nusu saa ipate joto taratibu, vinginevyo vioo vinatoka jasho mpaka ndani. Kubadilisha lenzi Mwanjelwa kwenye vumbi hapana, amua nyumbani leo ni 23 au 50.

Mwisho, kununua iliyotumika, maana mi mwenyewe iliniuma. Nilinunua 85 ya mkononi Dar, duka silitaji, nje inang'aa kama mpya. Nimefika Mbeya kila picha nikielekeza upande wa jua inakuwa na ukungu mweupe, nikadhani ni mlima Loleza na mawingu yake. Fundi akachukua tochi ya simu akamulika kwa nyuma ya lenzi, akaniambia chungulia kwa mbele, nikaona nyuzinyuzi zimetambaa kwenye kioo cha ndani kama utando wa buibui. Kuisafisha ikanigharimu zaidi ya nusu ya niliyonunulia, na alama zilibaki kwa sababu fangasi ilishakula ile rangi ya juu ya kioo. Kwa hiyo tochi ya simu, dukani, kabla ya hela. Bodi nayo, weka f/16, piga ukuta mweupe au anga, kuza picha utafute madoa ya vumbi au mikwaruzo kwenye sensa. Ulizia shata imepiga mara ngapi, jaribu nafasi zote mbili za kadi, washa zima mara kumi. Na ukibadilisha mawazo ukaenda kwenye Sony angalia menyu kabla ya kulipa, zile zilizotengenezwa kwa ajili ya soko la ndani la Japani menyu yake ni Kijapani peke yake, zinauzwa bei poa na watu wanashangaa wakifika nyumbani.

Zile picha 50 za kwenye galari zihesabu kwanza kabla hujampigia muuzaji yeyote. Zikitoka zaidi ya 40 ni za bila kuzumu nitabadilisha ushauri wangu nikwambie X100VI na bibi utamkata kutoka mbali. Zikitoka nusu kwa nusu, au zaidi ni za 2x, nenda na X-T5 na lenzi zake mbili, anza na ile 50 mlangoni kwa bibi wiki ya kwanza yote, mtaani utakwenda baadaye ukishajua gurudumu la mwanga kwa kidole bila kuangalia.